Nilikaa kenkayeri siku tatu nikitazama watu wakihangaika na saiti niliyoijenga mwenyewe

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili limenikaa kifuani tangu juma lililopita, na najua humu kuna wajenzi wa saiti ambao litawafaa kabla hawajapoteza miezi kama nilivyopoteza mimi.

Mwaka jana nilimjengea saiti mama mmoja mwenye kenkayeri, yaani duka la vifaa vya ujenzi, huku commune ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Anauza simenti, manjanja (mabati ya kuezekea), misumari, rangi, mabomba, vyuma vya zege. Nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Juu kabisa niliweka picha tano kubwa zinazopishana zenyewe, chini yake video ya lori likishusha mizigo, kisha maneno ya kumkaribisha mgeni kwa Kifaransa safi. Menyu niliificha nyuma ya vile vistari vitatu ili ukurasa uonekane umetulia. Nikaitazama ofisini kwenye skrini pana, intaneti ya kulipia kwa mwezi, nikaridhika. Mama naye aliipenda, akaionyesha hadi kanisani.

Lakini simu ya duka haikuacha kulia, na swali lilikuwa lile lile: "Manjanja ni bei gani?" Bei zimo kwenye saiti, niliziandika mwenyewe aina kwa aina! Siku moja mama akaniambia, tena kwa upole: "Mwanangu, kama watu wanapaswa kunipigia ndipo wajue kilichomo, hiyo saiti inanifanyia kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba ruhusa nikae dukani siku tatu. Kila mteja aliyekuwa na simu yake na dakika kumi za kunipa, nilimwomba jambo moja tu: afungue saiti, atafute bei ya manjanja ya kuezekea chumba kimoja, kisha atume oda. Mega za intaneti nilimwekea mimi. Halafu nikakaa kando yake nikanyamaza. Ndugu zangu, kunyamaza ni kazi ngumu. Unaona kidole cha mtu kinapita juu ya kitufe mara tatu bila kukigusa, na ulimi wako unataka kusema "hapo hapo!" Ukisema tu, umeharibu, kwa sababu wewe hutakuwepo siku atakapoifungua akiwa kwake Katuba saa tatu za usiku.

Wa kwanza alikuwa fundi wa kujenga, simu yake ndogo, kioo kina ufa. Picha ya kwanza ilianza kushuka kipande kwa kipande. Akangoja, akatazama barabarani, akatazama simu, akairudisha mfukoni. "Network mbaya leo," akaniambia, kama anayenifariji. Network haikuwa mbaya. Baadaye nilipima: ukurasa wangu wa kwanza peke yake ulikuwa unakula mega 9. Mtu aliyenunua forfe ndogo ya siku, kifurushi cha intaneti, nilikuwa namla sehemu ya forfe yake kumwonyesha lori.

Wa pili, mama anayejenga nyumba. Huyu simu yake ilikuwa nzuri, ukurasa ukafunguka. Akasoma ukaribisho wote kwa uaminifu, akashuka hadi chini, akapanda tena hadi juu, akashuka tena. Vile vistari vitatu hakuvigusa. Nilipomuuliza mwishoni alinijibu, "Nilidhani ni pambo."

Kijana wa chuo kikuu ndiye aliyenifumbua macho zaidi. Aliiona menyu, akakiona na kisanduku cha kutafutia, nikasema moyoni huyu atafika. Akaandika "manjanja". Saiti ikamjibu kwamba hakuna kitu. Duka limejaa manjanja hadi nje! Ila mimi kwenye saiti niliandika "tôles galvanisées", kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye fakitire (ankara) ya muuzaji wa jumla. Hakuna hata mteja mmoja katika siku zile tatu aliyetamka "tôles galvanisées" akiwa kaunta.

Mzee mmoja alifika hadi kwenye fomu ya oda. Fomu hiyo niliichukua tayari kutoka kwenye mfano wa wageni. Ina nafasi mbili za majina, na yeye ana majina matatu kama sisi wote: jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza). Akaniangalia, akachagua mwenyewe la kuacha. Ikamdai namba ya posta, kwa lazima. Nani hapa Lushi anaandika namba ya posta? Sisi tunasema avenue, namba ya nyumba, quartier, commune, na alama ya kumwelekeza mtu: nyuma ya shule, mbele ya kisima. Akaandika sifuri nne. Akaandika namba ya simu ikianza na 0, jinsi kila mtu anavyoitamka, fomu ikaikataa kwa sababu nilitaka ianze na +243. Na kosa hilo nililiandika kwa herufi nyekundu juu kabisa ya ukurasa, wakati yeye yuko chini kwenye kitufe. Aligusa kitufe mara nne. Hakuona chochote kikibadilika. Akanirudishia kalamu yangu akasema, "Papa, acha tu, niandikie kwenye karatasi."

Ule mkono wake ukigusa kitufe mara nne ndio ulionifanya niandike hapa.

Wa tano alikuwa dada aliyesimama nje juani. Herufi zangu za kijivu hakuziona kabisa, alifunika simu kwa kiganja kama anayekinga mshumaa.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark aliyepima kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 tu wakijaribu mbele yako watakufichulia kama asilimia 85 ya vikwazo. Nilishasoma hayo zamani nikayapita, nikidhani ni mambo ya makampuni yenye fedha na maabara. Kumbe maabara ni kiti cha plastiki mbele ya duka.

Nawauliza: ninyi mnafanyaje? Nani humu huwa anakaa na watu kabla ya kukabidhi kazi?

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Kaka, umeandika ukweli, lakini umeruka jambo gumu. Anayetulipa si yule mzee wa fomu, ni mwenye duka. Mwenye duka akija kwangu anasema: nataka saiti kama ya kampuni fulani ya Ulaya, picha zicheze, iwe na video. Nikimpa ukurasa mweupe wenye bei na namba ya simu ataniambia hata mtoto wake angeufanya, na dola zangu sizioni. Mimi nina watoto wa kusomesha. Utamwambiaje mteja wa namna hiyo?

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Yaya, swali lako ni la haki. Na mimi maneno hayakunisaidia. Kilichosaidia ni kwamba wateja wawili waliniruhusu nipige video ya mikono yao na simu tu, bila uso. Nilimwonyesha mama mwenye duka dakika tatu za mkono wa yule mzee. Hakuuliza tena habari ya picha zinazocheza. Aliuliza: "Huyo aliondoka bila kununua?"

Mwenye duka anapenda urembo kwa sababu hicho ndicho pekee tunachomwonyesha siku ya kukabidhi. Tunampa skrini yetu kubwa atazame, hatumpi mteja wake amtazame. Na sikusema saiti iwe uchi. Nimeijenga upya, na bado ina rangi, bado ina picha ya duka, ila picha ni moja, nimeipunguza upana na kuigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lenye uzito mdogo, ina uzito wa kilobaiti 60 hivi.

Kuhusu rangi nikupe kisa. Mama alitaka vitufe viwe na rangi ya shaba, kwa kuwa huu ni mji wa shaba, na mimi nikaona wazo zuri. Nikaweka herufi nyeupe juu yake. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, ya kurahisisha wavuti kwa watu wote, ile wanayoiita WCAG, inataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na rangi iliyo nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Nikapima shaba yangu, ambayo namba yake ya rangi ni #B87333, na nyeupe: 3.8. Haitoshi. Nikabadilisha herufi tu zikawa nyeusi: 5.5. Rangi ya mama ikabaki, na juani inasomeka. Kijivu changu cha mwanzo, #999 juu ya nyeupe, kilikuwa hakifiki hata 3. Hapo ndipo yule dada alipofunika simu kwa kiganja.

Himbi_mtandaoni (Goma)

Salamu kutoka Goma. Mimi nagusia network, kwa sababu huku kwetu inakatika ukiwa katikati ya sentensi. Nimewahi kujaza fomu ya maombi ya kazi kwenye saiti moja, kurasa nne, shahada zote, tarehe zote. Nilipogusa "tuma" network ikaenda. Ukurasa ukawa mweupe. Niliporudi nyuma kila kitu kimefutika. Nikaanza upya, umeme nao ukakatika, simu ikazima. Siku ya mwisho ilikuwa ile ile. Sikuomba tena.

Wajenzi, naomba mtusikie: kile mtu alichokwisha kuandika ni jasho lake. Kivinjari kina uwezo wa kukihifadhi ndani ya simu yenyewe kila anapoandika, mistari michache tu ya JavaScript, lugha ya kuandikia saiti. Akirudi kesho anakikuta. Na mtu akigusa "tuma", mwambieni kinachoendelea: inatumwa, imefika, haijafika jaribu tena. Ukimya ndio unaomfanya mtu aguse mara nne. Au anagusa mara nne, zote zinafika, halafu analetewa simenti mara nne.

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Ndugu wa Goma, pole sana kwa ile nafasi ya kazi. Hilo la kuhifadhi nimeliandika kwenye daftari sasa hivi, saiti yangu bado haina.

Kuhusu ukimya, Nielsen huyo huyo alishika mipaka mitatu kwenye kitabu chake cha 1993: kifaa kikijibu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anahisi ni papo hapo, ikifika sekunde 1 anagundua kuchelewa lakini wazo lake halijakatika, ikifika sekunde 10 ameshaondoka na akili yake iko kwingine. Fundi wangu wa simu yenye ufa alingoja kupita hapo. Ni uvumilivu wake mwenyewe, si uzuri wa kazi yangu.

mwana_wa_Bukavu (Bukavu)

Mimi si mjenzi, ni msafiri wa ziwa. Niliwahi kutafuta saa za boti ya kwenda Goma. Saiti ya wenye boti ipo, na saa zipo, lakini ni picha ya karatasi ya ukutani iliyopigwa kwa simu, imelala upande. Ukiivuta iwe kubwa inakuwa ukungu. Ukiipunguza huoni kitu. Huwezi kuinakili umtumie mtu. Nilishuka bandarini kwa miguu kuuliza, na karatasi yenyewe ipo pale ukutani, inasomeka vizuri!

Kwa nini watu wanaweka maandishi ndani ya picha?

sauti_ya_Ruashi (Lubumbashi)

Nimjibu mwana wa Bukavu kwa upande wangu. Mimi sioni. Natumia simu kwa msomaji wa skrini, programu inayonitamkia kila kidole kinapogusa. Maandishi yaliyo ndani ya picha kwangu hayapo. Nikigusa ile ratiba ya boti nasikia "picha", basi. Wakati mwingine nasikia jina la faili, herufi na namba ndefu, nangoja iishe.

Fundi, nimefungua hiyo saiti yako mpya jana, jina lake mama mwenye duka alitangaza kwenye redio ya mtaani nikalishika. Bei nimezisikia, nakupongeza kwa moyo. Ila mambo mawili. Kile kitufe cha WhatsApp ni alama tu, hakina jina, nasikia "kitufe", sijui kinafanya nini. Kwa yule anayeona ile alama ya kijani inatosha. Mimi naogopa kugusa kitu nisichokijua, kisije kikawa cha kulipa. Andika ndani yake, hata kama huandiki kwa wanaoona: "Tuandikie WhatsApp".

La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Ukurasa wako ni wa Kiswahili sasa, lakini ndani ya kodi, yale maandishi ya nyuma ya ukurasa, umeacha alama kwamba ni wa Kifaransa. Basi simu inanisomea Kiswahili kwa mdomo wa Mfaransa. "Misumari" inatoka kama jina la mtu wa Paris. Badilisha lang="fr" iwe lang="sw". Sauti ya Kiswahili kwenye simu ipo, inangoja tu kuambiwa.

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Ndugu wa Ruashi, aksanti sana, sana. Nimebadilisha yote mawili usiku huu kabla ya kulala. Naona haya kwamba sikuwahi kufikiria kukuita wewe au mwenzako dukani zile siku tatu. Wale watu 5 niliowasifu pale juu wote walikuwa wanaona. Nielsen mwenyewe alisema kama una makundi tofauti ya watumiaji, kila kundi linahitaji watu wake, na mimi nilikuwa na kundi moja tu. Nikiruhusiwa nitakuja Ruashi nikae nawe saa moja, uendeshe simu mimi nisikilize.

Papa_Depo (Likasi)

Wanangu, nawasoma kwa makini. Mimi nina depo ya unga wa mahindi. Sina saiti, nina WhatsApp na Facebook, wateja wananipata. Kwa nini mtu alipie saiti kwanza ndipo aanze kupigania vitufe?

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Heshima kwako Papa. Kama wateja wako ni wale wale na wanakupata, usilipe. Nakwambia kwa dhati, hata kama ni kazi yangu. Mama huyu alihitaji mahali ambapo mtu asiyemjua, anayejenga kutoka Kipushi au Kasumbalesa, anaweza kuona bei zote kwa pamoja saa yoyote, na ambapo bei ya mwezi jana haibaki ikielea kwenye picha inayosambazwa kutoka kundi hadi kundi. Na saiti haikuiondoa WhatsApp. Kitufe cha oda sasa kinafungua WhatsApp moja kwa moja, kwa kiungo cha wa.me na namba yake ikianza na 243, na ujumbe umeshaandikwa ndani: "Jambo, nataka manjanja..." mtu anamalizia idadi tu. Ile fomu ya namba ya posta nimeizika.

Mwalimu_Bel_Air (Lubumbashi)

Nimesubiri hadi watu waongee, sasa niseme langu la lugha, kwa kuwa naona mmeanza kulipita.

Kijana wetu ameandika "manjanja" kwenye saiti badala ya "tôles". Nafurahi, lakini nina wasiwasi. Kifaransa ndicho lugha ya fakitire, ya ofisi, ya shule. Mhandisi wa kampuni ya migodi akitafuta bidhaa hiyo kwenye Google hataandika manjanja. Na Kiswahili chenyewe ni kipi? Mtu wa Dar es Salaam atasema mabati. Ukiandika cha Lushi, wa Bukavu atakuelewa? Ukiandika cha vitabu, mama wa Katuba atasema hiki ni cha redio. Nafundisha lugha miaka mingi na sijaona jibu rahisi.

mwana_wa_Bukavu (Bukavu)

Mwalimu, manjanja huku tunayaelewa vizuri sana. Nyumba yetu imeezekwa kwa hayo.

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Mwalimu, hapo umegusa penye uzito, nami niliumia kichwa hapo kuliko mahali pengine pote. Niseme nilivyofanya, unisahihishe.

Nilikaa karibu na kaunta na daftari nikaandika kila jina ambalo mteja alilitamka, kwa mdomo wake, kabla muuzaji hajamjibu. Siku moja nzima ya kuandika maneno tu. Manjanja. Simenti. "Vyuma vya mulimita kumi na mbili." Rangi "ya mafuta" na rangi "ya maji". Majina hayo ndiyo niliyoweka kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, jina la Kifaransa jinsi lilivyo kwenye fakitire. Mhandisi akitafuta kwa Kifaransa anafika, na Google inasoma yote mawili. Kisha kwenye kisanduku cha kutafutia nikafunga majina yote ya kitu kimoja pamoja: manjanja, mabati, tôle, tole bila kofia juu ya o, hata "majanja" kwa wanaokosea haraka haraka. Mtu asiadhibiwe kwa namna anavyokiita kitu.

Pale palipo na sentensi, niliandika Kiswahili ambacho muuzaji wetu angekisema kwa mteja asiyemjua, kwa heshima. "Bei ni kwa moja." "Tunaleta hadi nyumbani, ndani ya Lubumbashi." Sentensi fupi, kitenzi mbele. Nilikuwa na "Nos solutions", yaani "Suluhisho zetu", kwenye menyu. Nikauliza watu watatu wanategemea kukuta nini ndani, hakuna aliyejua. Sasa pameandikwa "Bei zote". Na vile vistari vitatu vimeondoka: maneno manne yapo wazi juu, Bei zote, Oda, Tulipo, Simu. Manne yanaingia kwenye simu ndogo bila kubanana, na kila moja lina nafasi ya kutosha kidole cha fundi mwenye mikono mikubwa. Toleo la WCAG la 2.2, la Oktoba 2023, linakubali eneo la kugusa la pikseli 24 kwa 24, mimi naliona dogo kwa mikono ya kazi, nimeweka 48, kama wanavyoshauri wajenzi wa Android.

Mwalimu_Bel_Air (Lubumbashi)

Hilo la kuandika maneno ya wateja kabla muuzaji hajajibu ni kazi ya mwanaisimu kabisa. Nimekubali. Ila hapo uliposema "kwa moja", andika "kwa bati moja" au "kwa janja moja", la sivyo mtu atauliza moja nini.

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Imebadilishwa, Mwalimu. Nimeandika "kwa kipande kimoja", ndivyo wanavyosema kaunta.

Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)

Nimerudi. Juzi nilimpelekea mwenye salon ya nywele saiti yake ikiwa nusu, nikamwomba aniitie wateja watatu badala ya kuitazama yeye. Niliyoyaona sitayasahau. Nilikuwa nimeandika bei 1.250. Mmoja akasoma dola moja na senti ishirini na tano, akashangaa kwa furaha. Mwingine akasoma franka elfu moja mia mbili hamsini. Nilikuwa namaanisha franka! Hata alama sikuweka. Tunaishi na fedha mbili mfukoni kila siku na mimi nikasahau kusema ni ipi.

Na saa. Saiti ilikuwa inasema "Tumefunga" saa mbili za asubuhi, mlango ukiwa wazi na mtu anasukwa ndani. Mfumo niliotumia ulichukua saa ya Kinshasa, sisi tuko mbele saa moja. Kwenye orodha ya majira ya saa kuna Africa/Lubumbashi, unaichagua tu. Ni mwaka mzima nimekuwa nikiwapa wateja wangu saa ya Kinshasa.

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Yaya, nimekwenda kuangalia yangu mara moja. Nami nilikuwa Kinshasa. Nimesahihisha. Kwenye bei sasa naandika FC (franka) au $ kila mahali, na maelfu natenganisha kwa nafasi, 1 250 FC, bila nukta.

Himbi_mtandaoni (Goma)

Na bei zikibadilika? Franka haikai mahali pamoja.

fundi_saiti_Lushi (Lubumbashi)

Ndugu, hilo ndilo linalotusumbua sasa, na nitawaambia lilipofikia.

Nilirudi dukani jana na kiti changu cha plastiki, siku kumi na mbili tangu saiti mpya iwekwe. Ukurasa wa kwanza sasa hauzidi kilobaiti 300. Watu sita walijaribu, watano walipata bei ya manjanja bila kuuliza kitu. Wa sita aliipata, akaitazama, kisha akampigia mama simu hapo hapo, mama akiwa hatua nne kutoka kwake. Aliuliza: "Hii bei ni ya leo?"

Yuko sahihi. Hakuna chochote kwenye ukurasa kilichomwambia. Amezoea bei inayopanda asubuhi na dola, kwa nini aiamini namba isiyo na tarehe? Tumekubaliana na binti wa mama, anayefungua duka, kwamba kila asubuhi baada ya kuuliza dola imeamkaje, anaingia kwa simu yake kwenye ukurasa mmoja wenye kisanduku kimoja tu, anaandika dola moja ni franka ngapi, na bei zote za franka zinajihesabu. Juu ya bei panatokea siku na saa: "Bei ya leo, Jumanne, imewekwa saa 2:15 za asubuhi". Asipoingia, saiti yenyewe inasema bei ni ya jana na inampa mtu namba ya kupiga. Ukurasa huo wa binti nao nitaujaribu kwanza akiwa kaunta, mteja mbele yake na simu mkono mmoja, maana ndivyo atakavyoutumia.

Jumamosi niko Ruashi kwa yule ndugu yetu. Nikirudi nitaandika hapa aliyonionyesha.